Mtu Mmoja, Siku Tatu

Feri ilipogusa gati la Lutoboka
tulishuka watu kumi na mmoja, mbuzi wawili,
na friji iliyofungwa kwa shuka la maua.
Wote walikuwa na wa kuwapokea, hata friji.
Mimi nilikuwa na begi, na mwezi wa Novemba.

Msimu umekwisha, mama, alisema kijana wa boda,
kwa sauti ya anayeleta habari za msiba.
Nikamwambia ndiyo maana nimekuja.
Akanitazama kama mtu aliyenunua tikiti
ya mechi ya jana.

Gesti imekaa juu ya mchanga,
rangi yake imebanduka upande wa ziwa.
Viti vya plastiki vimelazwa juu ya meza, miguu hewani,
kama kuku wanaopelekwa sokoni.
Mlinzi, ndiye mpishi, ndiye karani,
akafungua daftari, akalamba kidole,
akauliza kwa Kiganda: mko wangapi?
Nikaonyesha kidole kimoja.
Akachungulia nyuma yangu, njia yote hadi gatini,
akampa huyo mwingine muda wa kufika.
Kisha akaandika: mtu mmoja, siku tatu,
na nafasi iliyobaki akaipiga mstari wa wino
polepole, kama anayeziba tundu la panya.

Nina miaka hamsini na moja. Sijafiwa,
sijaachwa, sikimbii deni.
Kwangu Walukuba kila mlango una mtu nyuma yake
na kila mtu ana la kuniuliza:
chumvi iko wapi, ada lini, nani kafunga bomba.
Nilitaka siku tatu nisiulizwe kitu.
Basi. Sina hadithi kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kwanza mvua.
Ziwa halikuwa lile la kalenda;
lilikuwa rangi ya maji yaliyooshewa mchele,
likija, likirudi, likija tena,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Usubi ukapanda toka majini, moshi usio na moto.
Nikafunga dirisha, nikala chapati baridi kitandani,
na hakuna aliyesema makombo.

Siku ya pili umeme ukakatika.
Mlinzi akaja na kandili, sato wa kukaanga,
na sahani mbili.
"Mazoea," akasema, kwa Kiswahili,
kile kikavu, kilichonyolewa, cha kambini.

Mkono wangu ukasimama hewani.
Hiyo ndiyo lugha ambayo baba yangu, koplo Ezati,
alihesabia viatu vyetu mlangoni kila jioni.
Tulipohamia mjini tulifundishwa kuificha:
ukiisema sokoni, watu hukumbatia mikoba.
Nikamjibu kwa hiyohiyo.
Mgongo wake ukanyooka wenyewe.

"Kambi gani?"
"Magamaga. Na wewe?"
"Moroto. Halafu kila mahali."

Sikuwa nimeulizwa swali hilo tangu tumzike mzee.
Akavuta kiti, akakishusha toka mezani,
akakaa kwenye sahani ya pili.
Tulikula bila neno. Alipanga miba pembeni,
mistari miwili iliyolingana, kama gwaride,
nami nikagundua, nikiwa nimeshamaliza,
kwamba yangu nimeipanga vivyo hivyo.

Siku ya tatu jua lilitoka kwa saa moja.
Tumbili akaiba sabuni yangu dirishani,
akaionja, akaitupa kwa dharau.
Nilitembea hadi ukumbi wa dansi uliofungwa,
bango la Agosti likining'inia kwa msumari mmoja,
nikasimama pale muda mrefu
bila kufikiri jambo lolote la maana.

Asubuhi ya kuondoka, Kayongo
(ndilo jina lake, nililisoma kwenye risiti)
alibeba begi langu mpaka gatini
na hakuuliza nitarudi lini.

Katikati ya maji simu ikapata mtandao,
ikatetemeka mfululizo mapajani.
Ujumbe wa kwanza: mama, chumvi iko wapi?
Nikaitazama Bugala ikigeuka kijani, kisha kijivu,
kisha mstari.
Nikaandika: palepale.